Shahidi Nyuma ya Pazia

Simwamini mtu anayeniambia fulani amekufa. Wala simwamini anayeniambia fulani yu hai, maana kwetu Mlimani mambo hayo mawili hayaamuliwi na pumzi. Yanaamuliwa na Jumba la Karatasi. Mtu hafi kwa kukata roho. Hufa siku jina lake linapoandikwa katika chumba cha chini. Yupo mzee mmoja wa mtaa wa juu aliyekata roho zamani, akazikwa, akasomewa na hitima, lakini ndugu zake walisahau kumwandikisha. Mpaka leo Baraza linamwekea kiti kila kikao na kumlaumu kwa utoro.

Mimi Kibwana nilikuwa msomaji katika Jumba hilo. Nilizaliwa Bondeni, upande wa chini, kule ambako maji ya bomba hufika yakijisikia. Nikapanda Mlimani kwa ajili ya kazi, na tangu nipande sijalala usingizi wa mtu anayewaamini majirani zake. Labda ni hewa ya huku juu. Au labda ni kazi yenyewe, maana kazi yangu ilikuwa kusoma kwa sauti maneno ya watu waliokufa ili walio hai wapate kutawaliwa.

Ndiyo, ndivyo tunavyotawaliwa. Mlimani hakuna neno la mtu aliye hai lenye nguvu ya sheria. Aliye hai ana tumbo, ana hofu, ana shemeji anayetafuta cheo. Leo atasema hivi, kesho ataghairi. Marehemu haghairi. Tulifundishwa hivyo, na kwa muda mrefu niliona ni busara kubwa, hata nikawaonea huruma watu wa nchi nyingine wanaotii midomo inayokula. Kisha nikaanza kujiuliza swali moja ambalo lilinikaa kooni: kama marehemu haghairi, mbona kila mwaka anasema jambo jipya?

Marehemu ninayemsema mimi ni Mwalimu Semboja. Huyu ndiye mwanachuoni wetu, mrekebishaji wa jamii, mtu ambaye sanamu yake imesimama mbele ya Baraza ikiwa na kitabu mkono mmoja na kengele mkono wa pili. Karatasi zake zimejaa vyumba. Amezungumzia ndoa, mazishi, usafi, wasichana, watumwa wa zamani na mabwana wao, namna ya kumwadhibu mtoto na namna ya kutomwadhibu. Alifariki lini? Uliza watu watatu upate majibu matatu. Ndani ya Jumba saa haitembei, imekaa kitako. Ukiingia ujia wa mashariki unakuta masika, unatoka ujia wa magharibi nguo zimekauka na ni kiangazi cha mwaka usioujua. Nimezoea. Nisichokizoea ni kwamba karatasi zake huongezeka.

Hapana karatasi inayoingia katika kabati bila kushuhudiwa, na desturi yenyewe ni hii. Shahidi, mtu aliyemjua marehemu, huketi nyuma ya pazia la kaniki. Msomaji hukaa mbele na kusoma. Akimaliza, shahidi hujibu neno moja tu. Akisema "Ndiye," karatasi inakuwa sheria. Akisema "Siye," karatasi inalowekwa majini mpaka iwe uji. Shahidi haoni mwandiko, wala hautazamwi uso wake, kwa sababu wazee wa kale waliona macho ni rahisi kudanganywa kuliko masikio.

Na hata angeuona mwandiko ungemsaidia nini? Mwalimu Semboja alituletea Hati Moja. Kila mtoto aliyepita mkononi mwake, na mkononi mwa wale waliopita mkononi mwake, alifundishwa kuandika kama yeye: mkia ule ule, tumbo lile lile, nukta mahali pale pale. Karatasi moja nzuri inaeleza kwamba alifanya hivyo ili msahihishaji wa mitihani asiweze kumtambua mtoto wa tajiri na mtoto wa mpagazi. Wazo zuri, nani atalikataa? Ila sasa mji mzima unaandika kwa mkono wa maiti. Katibu wa Baraza anaandika kama Mwalimu. Muuza maandazi akiandika deni la mtu ukutani, ukuta unageuka urithi wa taifa. Siku moja niliiacha mezani karatasi niliyojiandikia mwenyewe, "Nikumbuke kununua sabuni," nikaikuta kesho yake kabatini, chini ya mada ya Usafi wa Umma.

Nilicheka siku ile. Kicheko kikanikauka.

Nani aliandika? Mimi. Mimi nani? Nikiandika "mimi" kwa mkono wake, huyo "mimi" ni wa nani? Nimsake mwizi anayeongeza karatasi, sawa, lakini mwizi akiwa na mkono wangu nimkamate kwa mkono upi? Kikulacho ki nguoni mwako. Vua nguo basi. Nikivua, nabaki na ngozi, na hata ngozi ilishika kalamu ikafundishwa mkia na tumbo na nukta. Nikawa namshuku kila mtu. Namshuku mfagizi kwa kunyamaza kwake, namshuku Katibu kwa kusalimia sana, najishuku mimi kwa kuwashuku wao.

Aliyeketi nyuma ya pazia ni mjane wa Mwalimu, Bi Mwanatime. Namfahamu tangu utotoni. Baada ya mumewe kufa, alishuka Bondeni akafungua shule kwa jina la mumewe, na mimi nilisoma pale, nikikaa sakafuni na wenzangu. Wapwa zangu wanasoma pale hadi leo, na ni shule pekee Bondeni. Mlimani jina la "Mwalimu" ni la marehemu peke yake, kwa hiyo sisi tulimwita Bibi, akaridhika, au alijifanya ameridhika. Yeye ndiye aliyenihimiza niombe kazi ya usomaji. Kila karatasi niliyomsomea, nzuri au ya kawaida, alijibu "Ndiye." Hakuwahi kusema "Siye" hata mara moja. Mtu anayekubali kila kitu ama ni malaika ama ana lake jambo, na malaika sijawahi kumwona akipanda ngazi za Jumba letu.

Nikaanza kumsikiliza. Si neno lake, maana neno lilikuwa lile lile, nilisikiliza sauti.

Siku moja nilisoma karatasi ya Mwalimu juu ya kucha za wanafunzi: zikatwe kila Jumatatu, zisitafunwe. Nyuma ya pazia sauti ikajibu "Ndiye," na ilikuwa sauti ya msichana. Nyororo, yenye aibu kidogo. Nikadhani nimesikia vibaya. Nikasoma nyingine juu ya kengele, ipigwe mara ngapi na nani. "Ndiye." Msichana tena. Nikachukua karatasi mashuhuri, ile ambayo watoto wote wa Mlimani wanaijua kwa moyo, inayosema msichana asizuiwe shule kwa sababu ya ndoa asiyoitaka. Juu yake imeandikwa kuwa ni ya ujana wa Mwalimu. Nikaisoma upya, ingawa ilikwisha kugongwa muhuri zamani. "Ndiye," ilisema sauti, na safari hii haikuwa ya msichana. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye mkwaruzo, ya mtu aliyemaliza eda na kumaliza machozi.

Nikaelewa polepole. Shahidi anapokumbuka kweli, sauti yake hurudi kwenye umri aliokuwa nao karatasi ilipoandikwa. Jumba ambalo masika na kiangazi hupishana ujiani, kwa nini lisifanye na hilo? Hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna aliyesikiliza. Wote tulingoja neno ili tugonge muhuri twende tukanywe chai.

Na ile sauti ya mkwaruzo niliijua vizuri. Ndiyo iliyonifundisha kujumlisha. Wakati huo kila Ijumaa tulipangwa mstari, tukapewa fagio, tukaenda kufagia kaburi la Mwalimu Semboja. Kwa hiyo karatasi ya wasichana iliandikwa Mwalimu akiwa tayari kaburini, na sisi juu yake tunafagia majani. Nikajaribu karatasi nyingine, za haki, za mtumwa wa zamani kukaa safu moja na bwana wake. Zote mkwaruzo. Za kucha, za kengele, za kupanga madawati: zote msichana. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Lakini sikutegemea fundi awe mjane aliyekuwa akinipa kipande cha muhogo nikipata hesabu zote.

Nilikasirika. Naomba niseme wazi, nilikasirika kama mtu aliyeibiwa baba. Nililia pia, ingawa sijui nilimlilia nani, maana Semboja niliyempenda tangu utotoni alikuwa hajawahi kuzaliwa.

Hali ilikuwa hiyo Katibu Mhando alipokuja na karatasi yake. Katibu ni mtu wa tabasamu. Anatabasamu hata akisinzia, na ndiyo sababu simpendi. Alieleza kwa upole kwamba Baraza linasikitishwa na mambo ya Bondeni. Watu wa kule wameanza kukaa vikundi vikundi wakihesabu siku za maji, ya kwao na ya Mlimani, na wakimaliza kuhesabu wanakuja kuuliza. Baraza limetafuta ushauri wa Mwalimu na, kwa bahati njema, limeupata. Akanipa karatasi, akasema itasomwa kesho mbele yake. Nikaitazama baada ya yeye kuondoka. Mkia ule ule, tumbo lile lile.

Ilisema: Watoto wa Bondeni wafundishwe kutii kengele, inatosha. Hesabu wasifundishwe, kwa kuwa mwenye kujua hesabu huuliza kilichobaki kimekwenda wapi. Ikijengwa shule kwao, ifungwe.

Nilifurahi, kusema kweli. Nilijiambia: huyu sasa nimemkamata. Karatasi imeghushiwa na Baraza, sauti ya Bibi itatoka ilivyo leo, ya kizee, na Katibu ataumbuka. Nikaenda kwa Bi Mwanatime mchana ule ule. Alikuwa anakuna nazi uani. Nikamwamkia, akaitikia, nikaketi juu ya kinu kilichopinduliwa na kumsomea karatasi pale pale ili nisikie. Hakujibu kwa desturi ya Jumba. Aliacha kukuna.

"Aliiandika mimi nimemshikia taa," alisema. "Nilikuwa bi harusi. Hina haijatoka miguuni."

Sauti ilikuwa ya msichana. Nikaikunja karatasi.

Nikamuuliza yale mengine, na hakuficha. Mumewe alikuwa mtu wa kengele, alisema, mtu wa kucha na mistari iliyonyooka. Hati Moja aliibuni kwa sababu alichukia karatasi chafu. Sababu ya mtoto wa mpagazi iliongezwa baadaye. Alimpenda hivyo hivyo, kwa kuwa huchagui sehemu ya mume ukaacha nyingine. Alipokufa, Mlimani ikamfanya mtukufu, na yeye akaona mlango. Aliye hai hasikilizwi, mwanamke ndiyo kabisa; lakini mkono wake uliandika kama wa marehemu. Miaka yote ile, mchana akifundisha, jioni akiandika. Kila karatasi aliipeleka Jumbani mwenyewe, akaketi nyuma ya pazia, akajishuhudia.

"Kwa hiyo Bibi umetudanganya," nikasema.

"Nimewadanganya juu ya aliyesema. Sikuwadanganya juu ya kilichosemwa. Wewe, Kibwana, ulipojifunza kujumlisha, jumla ilikuwa ya uongo?"

Nikamshauri aseme "Siye" kesho. Neno moja, karatasi inageuka uji, shule inapona. Akatikisa kichwa. Katibu si mjinga, alisema. Anakuja mwenyewe kwa sababu na yeye amekwisha kusikia sauti. Akisema "Siye" kwa sauti ya bi harusi, uongo utajulikana hapo hapo, na karatasi zote alizozishuhudia zitatupwa nyuma yake, pamoja na shule. Nikauliza atafanya nini. Akaniambia nimsogezee kifuu.

Kesho yake nilisoma. Katibu alikuwa ameketi karibu mno, akinitabasamia sikioni. Nilipomaliza, nyuma ya pazia sauti ya msichana ikasema, "Ndiye."

Katibu alishusha pumzi, akanyoosha mkono achukue muhuri.

"Bado," ilisema sauti, na sasa ilikuwa ya mkwaruzo. "Huyo ndiye. Zile za wasichana, za haki, za hesabu, siye. Zile ni mimi."

Katibu hakushtuka, na hilo lilinithibitishia kwamba alijua. Alimwambia kwa adabu kwamba anamshukuru kwa ukweli wake, na kwamba kwa kuwa yeye yu hai, karatasi hizo ni upepo tu. Bi Mwanatime akasema analijua hilo. Akamkumbusha desturi nyingine, ambayo Baraza lenyewe huitumia kila likitaka kubadili sheria: neno la marehemu wa karibuni hufunika neno la marehemu wa zamani. Kisha akasema aandikwe.

"Unataka kufa, Bibi?" Katibu aliuliza.

"Sitaki. Ila nikibaki hai, shule inakufa. Andika."

Nilimwona Katibu akipima. Mjane aliyeandikwa amekufa hatasumbua tena Baraza, wala hatafundisha. Na karatasi zake zitahitaji shahidi, mtu anayeruhusiwa Jumbani, aliyemjua alipokuwa akiandika. Nani Mlimani alimjua mwanamke wa shule ya Bondeni? Tabasamu likarudi. Akaagiza kitabu cha chumba cha chini kiletwe, akaandika jina. Akasoma masharti kwa sauti kubwa: marehemu hafundishi, haombi, hasalimiwi, na akiitikia salamu ya mtu, basi yu hai, na neno lake linaanguka. Bi Mwanatime akatoka nyuma ya pazia, mdogo, kanga yake imefungwa vizuri, akasimama pembeni ya ukuta mahali ambapo walioandikwa wangali wakipumua husimama. Hakututazama.

"Shahidi?" Katibu aliuliza, huku akianza kufunga kitabu.

Hapo ndipo shaka zangu zote zilipokuja pamoja kunikaba. Nani alinihimiza niombe kazi hii? Yeye. Nani alinipa muhogo, akanisahihisha, akanifunza kusoma kwa sauti darasa zima likiwa kimya? Huenda tangu nikiwa na kamasi alikuwa akinichonga niwe mguu wa meza yake. Huenda sikuwahi kupenda kusoma, nilipendeshwa. Sasa ananitaka niseme neno moja, na neno hilo litamzika akiwa amesimama. Nikikaa kimya ataendelea kuwa hai siku zake zilizobaki, akikuna nazi, na wapwa zangu watafundishwa kengele. Nilimchukia kwa muda mfupi sana. Halafu nikamwogopea, na hofu ile ilikuwa mapenzi matupu, sina jina lingine la kuipa.

Nikaenda nyuma ya pazia. Kiti kilikuwa bado na joto lake.

Katibu ikambidi asome mwenyewe. Alichagua karatasi akitumaini siijui: "Mtoto wa Bondeni afundishwe hesabu kabla hajafundishwa kushukuru. Akihesabu sawasawa, ataona mwenyewe kama kuna la kushukuriwa." Nilimsikia akikwama kwenye sentensi ya pili. Kaniki ilinuka vumbi, na nyuma yake sikuona kitu, nikabaki na masikio. Niliogopa kufungua kinywa. Kama sauti itatoka hii ya leo, ya mtu mzima anayeshuku hata kivuli chake, basi sikumjua kamwe. Nilimshuku tu kwa karibu.

"Ndiye," nikasema.

Ilikuwa sauti ya mtoto. Nyembamba, na upepo ukipita palipokosa meno ya mbele. Nilimsikia Katibu akifungua tena kitabu. Kisha nikasikia muhuri ukigongwa, mzito, kwa kuwa desturi ilimfunga mikono yeye kama ilivyotufunga sisi wote.

Shule haikufungwa. Nimeacha kazi ya Jumba na sasa nafundisha pale, vibaya, nikijifunza huku nikifundisha. Watu wawili wa Katibu hukaa nje ya ua wakijifanya wanazungumza. Wanamsubiri Bi Mwanatime akosee. Yeye hupita asubuhi akielekea kisimani, na njia nzima watu huinamisha vichwa na kumwacha apite kimya, hata majirani aliowazalisha. Watoto tumewafundisha wasimwite.

Leo nilikuwa nimechelewa, nikatoka kwenye kona mbio mbio na kumkuta uso kwa uso, ndoo mkononi. Sikuwaza. Mdomo uliwahi kabla ya kichwa, kama ulivyozoea tangu utotoni, ila ulitaja jina ambalo hatukuwahi kuruhusiwa kumpa.

"Shikamoo, Mwalimu."

Wale wawili wa Katibu waligeuka na kusimama. Bi Mwanatime alinitazama. Midomo yake ilitikisika, naapa ilitikisika, na machozi yakamjaa. Kisha akahamisha ndoo mkono wa pili, akanipita. Darasani watoto walikuwa wameanza kujumlisha bila mimi. Nilisimama njiani nikingoja marahaba mpaka alipokata kona, na haikuja.